Tiba ya kundi ya wiki chache kwa sonona na wasiwasi: nani ameiona ikifanya kazi?

MamaKitongoji (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mada ya sonona ikiletwa humu majibu huwa ni yale yale: omba Mungu, fanya mazoezi, nenda kwa mtaalamu. La kwanza na la pili sina ugomvi nayo. Hilo la tatu ndilo linanichosha, kwa sababu wengi wetu tunaokaa mbali na miji mikubwa huyo mtaalamu hatumjui hata sura. Ukitoka kijijini kwetu unapanda basi hadi mkoani, unalala kwa ndugu, asubuhi unakaa foleni, unaongea naye kidogo, unaambiwa urudi mwezi ujao. Nauli ya mwezi ujao ndiyo hiyo uliyokujia nayo.

Leo nazungumzia njia nyingine, ambayo mwenyewe naisimamia huku Tanga: tiba ya kundi ya muda mfupi. Watu wanane hivi, wiki 8, saa moja na nusu kila wiki, kisha kundi linafungwa. Kiongozi si daktari. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu mstaafu, mama wa mtaani aliyefundishwa na anayesimamiwa na mtu wa afya ya akili.

Kabla hamjasema ni mambo ya semina, jaribio kubwa lililotufungulia njia lilifanyika jirani tu hapo, Uganda, mwaka 2002. Wilaya za Masaka na Rakai zilikuwa zimezika watu wengi mno kwa UKIMWI, na waliobaki wengi walikuwa wamekata tamaa ya kuishi. Watafiti walichukua vijiji 30, wanaume vijiji vyao, wanawake vyao. Baadhi ya vijiji vikapata makundi, vingine havikupata. Viongozi walikuwa wenyeji wa hapo hapo, wasio na historia yoyote ya kazi ya afya ya akili, wakafundishwa wiki mbili. Makundi yalikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Kabla ya kuanza, waliokuwa na sonona kamili kwenye vijiji vya tiba walikuwa asilimia 86. Mwishoni wakabaki asilimia 6.5. Matokeo yalichapishwa 2003. Baadaye Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake, 2016, likaifupisha tiba hiyo hadi vikao 8.

Inafanyaje kazi? Hakuna uchawi. Msingi wake ni kwamba sonona mara nyingi inaanza au inakolea pale kitu kinapotokea baina yako na watu: umefiwa, una ugomvi usioisha, maisha yamebadilika ghafla (umestaafu, umehama, umezaa, umeambiwa una ugonjwa wa kudumu), au huna mtu kabisa. Kabla ya kundi kuanza, kila mmoja anaonwa peke yake. Anaulizwa yale maswali tisa ya kupima sonona ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai na kadhalika. Kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Kisha anachagua tatizo moja, mawili yakizidi, atakalolifanyia kazi.

Baada ya hapo kila kikao kinaanza na swali lile lile: wiki hii hali yako ilikuwaje, na kulitokea nini?

Nitoe mfano, na nimebadilisha vitu vya kutosha ili mhusika asijulikane. Mama mmoja mjane, muuza vitumbua, anaamka saa tisa usiku kila siku na hapati tena usingizi. Kikao cha tatu anasema wiki ilikuwa mbaya, Jumatano ndiyo mbaya zaidi. Jumatano kulitokea nini? "Hakuna." Kimya. Mwenzake mmoja akamuuliza, "Jumatano si ndiyo siku ya gulio?" Hapo ndipo akasema: shemeji yake alipita mbele ya meza yake akiwa juu ya baiskeli ya marehemu mumewe. Waliichukua siku ya arobaini, hakuna aliyemuuliza. Hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa angalia kundi linavyofanya kazi. Sikumpa ushauri. Nikauliza wenzake, nani amewahi kupitia haya? Mikono ikainuka. Mwingine akajitolea kuwa "shemeji", na alimwigiza vizuri mno, mpaka kile kikohozi cha kiume cha mtu anayejiona mkubwa wa nyumba. Watu wakacheka, mama naye akacheka, kisha akajaribu kusema sentensi yake. Mara ya kwanza ilitoka kama anaomba msamaha. Mara ya tatu ikatoka: "Shemeji, ile baiskeli nataka tuizungumze mbele ya mzee wa ukoo." Wiki iliyofuata alikuwa ameanza kwa kwenda kwa wifi yake mkubwa, ambaye siku zote alimwona adui, akakuta hata yeye hakupendezwa na lile jambo.

Baiskeli haikurudi, niwe mkweli. Usingizi ulirudi.

Karibuni, na wenye uzoefu wa kwingine waseme.

---

Kiranja_Mstaafu

Naweka kambi hapa. Ila posho ya kikao ipo? 😂

---

MamaKitongoji

Mkuu, posho hakuna, chai tunachangishana. Na ni vizuri isiwepo, utajua nani amekuja kwa ajili ya nini.

---

MzeeWaKibaoni

Mleta mada, heshima yako. Mimi nina swali moja tu. Uswahilini kwetu ukipiga chafya mtaa wa pili wanakwambia afya. Leo uniweke na watu wanane nieleze mambo ya chumbani kwangu? Kesho yote yapo kwenye bomba la maji. Wazungu wanaweza kwa sababu hawajuani. Sisi tunajuana mpaka bibi zetu.

---

MamaKitongoji

> MzeeWaKibaoni alisema: Kesho yote yapo kwenye bomba la maji.

Shikamoo mzee wangu. Hili ndilo swali lenyewe, na anayekwambia siri si tatizo huyo hajawahi kuongoza kundi.

Tunavyofanya: kwenye yale mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, kabla hajaambiwa wenzake ni nani, ninamuuliza nani hapa mtaani hutaki kabisa kukaa naye chumba kimoja. Hasemi sababu, anataja tu. Hilo peke yake linaondoa nusu ya matatizo. Mawifi hawakai pamoja. Anayedaiwa na anayemdai, hapana. Wa kikoba kimoja najitahidi kuwatenganisha, maana fedha ikiingia kila kitu kinaharibika.

Pili, hakuna anayelazimishwa kutoa ya chumbani. Watu wanadhani tiba ya kundi ni kuungama. Mtu anaweza kusema "nina ugomvi na mtu wa karibu yangu, tumefika pabaya" na kazi ikafanyika wiki zote bila mtu huyo kutajwa. Tunachoshughulika nacho ni ugomvi wenyewe: umefikia hatua gani, nani mwingine anaweza kusaidia, useme nini na lini.

Tatu, tunakubaliana jibu la kumpa atakayeuliza ulikuwa wapi. "Kikao cha afya", basi. Majirani wanajua kuna vikao vya afya vya uzazi, vya lishe, vya kisukari. Havimshtui mtu.

Na ndiyo, kuna wakati neno limetoka. Kundi moja, mtu alisimulia nyumbani, mumewe akalisimulia kijiweni. Aliyehusika alirudi kikaoni akiwa amefura. Ningeweza kumtoa yule aliyevujisha, lakini tulikaa tukalizungumza kama ugomvi mwingine wowote: umefanya nini, mwenzako amejisikiaje, sasa tunaendaje mbele. Mmoja aliacha kuja baada ya hapo na sikumlaumu. Waliobaki walimaliza.

Hilo la wazungu kutojuana nalipinga kidogo. Kujuana kunaleta umbea, lakini kunaleta na mtu wa kukugongea mlango asubuhi usipoonekana. Wanakundi wangu wanapitiana njiani kwenda kikaoni. Daktari wa mkoani hawezi kufanya hivyo.

---

Mdau_254

Salamu kutoka huku Kenya. Mada poa sana hii.

Sisi kuna moja inaendeshwa mashuleni, inaitwa Shamiri. Mwanzilishi ni Tom Osborn. Wanafunzi wa shule za upili wanakaa kwa makundi, vikao vinne tu, saa moja kila wiki. Vikao vinne! Na wanaoongoza ni vijana waliomaliza shule juzi, hata chuo kikuu wengine hawajaingia. Hawaanzi kwa kukwambia "wewe una ugonjwa". Wanaanza kwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, halafu shukrani, halafu kila mmoja anaandika ni kitu gani anakithamini maishani na atakifuataje. Neno sonona (huku tunasema msongo wa mawazo) halipigiwi kelele, ndio maana vijana wanakubali kuja. Ukiweka tangazo "njoo utibiwe akili" utabaki wewe na viti.

Utafiti wao mkubwa ulitoka 2021, wanafunzi 413. Kitu nilipenda ni kwamba kundi la kulinganisha halikuachwa likae bure, lilifundishwa mbinu za kusoma, muda sawa, kiongozi wa rika lile lile. Pande zote mbili zilipata nafuu, lakini Shamiri ilishinda, kwa huzuni na kwa wasiwasi. Maana yake sehemu ya dawa ni ile kuketi tu na watu wanaokusikiliza, na juu yake kuna kitu kingine kinachofundishwa.

Nilisoma bweni enzi zetu. Ofisi ya mwalimu wa ushauri nasaha ilikuwa mlango mmoja na ya naibu mwalimu mkuu. Nani angeingia?

---

NgoshaMkavu

Mambo ya kukaa duara na kulia ni ya kina mama. Mwanaume akiwa na stress anaenda kulima. Babu zetu hawakuwa na sonona.

---

Kiranja_Mstaafu

Babu zako walikuwa nayo mkuu, walikuwa wanaiita gongo.

---

MamaKitongoji

😂 Kiranja umenimaliza.

Ngosha, nikujibu bila utani. Kwenye ule utafiti wa Masaka na Rakai nusu ya vijiji vilikuwa vya wanaume, na wanaume walipona. Lakini kuna jambo ambalo wanaoisifia tiba hii huwa wanaliruka, ngoja niliweke mezani. Miaka michache baadaye watafiti walewale walienda kaskazini ya Uganda, kwenye kambi za Waacholi waliokimbia vita, wakafanya na vijana wa miaka 14 hadi 17. Matokeo yalitoka 2007. Wasichana walipata nafuu ya wazi. Wavulana, nafuu yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba kitakwimu huwezi kuisimamia. Kwa hiyo hoja yako ina chembe ya ukweli ndani yake, ila si kwa sababu uliyoitoa.

Mimi huwa naona wanaume hawaji na neno huzuni. Wanakuja na mgongo, tumbo la vidonda, usingizi, hasira, pombe. Ukimwuliza una huzuni anakwambia hapana. Ukimwuliza mara ya mwisho kufurahia mpira ni lini, anakaa kimya. Kundi la wanaume linataka kiongozi mwanaume, linataka lianze na jambo la kutatuliwa, na kulia huja baadaye au hakuji kabisa. Hata wanaolima wanalia, Ngosha, tena kule kule shambani.

---

TabibuWaZamu

Naomba niingie kama mtu wa zahanati.

Naunga mkono hoja, ila wanaosoma msikimbilie kuunda makundi bila mchujo. Kuna watu ambao kundi si mahali pao pa kuanzia:

Mwenye historia ya kupandwa: wiki nzima halali na hachoki, anaongea haraka, anatumia fedha ovyo, anajiona ana nguvu za ajabu, kisha anaporomoka. Huyo siku ya leo anaweza kuonekana ana sonona ya kawaida kabisa. Hata dawa za sonona akipewa peke yake zinaweza kumpandisha tena. Lazima aonwe na mtu wa afya ya akili.

Anayesikia sauti au anayeamini mambo ambayo hayapo.

Mlevi wa kupindukia. Akiacha ghafla anaweza kutetemeka na kupata degedege, hospitali kwanza.

Na swali la tisa kwenye yale maswali tisa, lile la kufikiria kufa au kujidhuru. Hapo hata alama 1 haipiti hivi hivi. Unamsogeza pembeni, unamuuliza waziwazi: umefikiria utafanyaje? Una kitu hicho nyumbani? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, watu wanaogopa bure. Kama ana mpango, haachwi peke yake, sumu za shambani na dawa zinaondolewa nyumbani, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo na mtu wa kumsindikiza.

Halafu dawa. Mtu anaweza kuwa kwenye kundi na kwenye dawa kwa wakati mmoja, hazigombani. Kwa sonona kali mara nyingi ndivyo inavyotakiwa. Fluoksetini inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, watu wanaacha siku ya kumi wanasema haifai. Amitriptilini hatuwapi watu mfuko mzima wakati hali ni mbaya, kwa sababu ikizidishwa inaua moyo. Na tafadhali, hakuna kiongozi wa kundi mwenye ruhusa ya kumwambia mtu aache dawa. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyeambiwa hivyo na sitaki kukumbuka.

Mwisho, pimeni damu na tezi shingo pia. Upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri vinaweza kumlaza mtu kitandani mkadhani ni mawazo.

---

MamaKitongoji

Daktari, asante. Hayo yote yamo kwenye fomu yetu ya kuanzia na bado huwa napiga simu kwa msimamizi kabla ya kumpokea mtu.

---

KashataBaridini

Asalaam aleikum. Mie mzaliwa wa Unguja, sasa nipo Norway, mji wa Bergen. Kusoma uzi huu kumenifanya nifungue akaunti, miaka yote nilikuwa mpita njia tu.

Huku kwetu hapa ndo kuna ile ya siku nne. Sikosei, siku nne, Jumanne mpaka Ijumaa. Waliotengeneza ni Gerd Kvale na Bjarne Hansen wa hospitali ya Haukeland. Walianzia kwa watu wenye mawazo yanayojirudia na vitendo vya kulazimika, halafu wakaongeza wenye hofu ya ghafla na wenye hofu ya watu. Wagonjwa watatu mpaka sita, na matabibu idadi hiyo hiyo, kila mtu na wake, lakini mnaanza pamoja, mnakula pamoja, mnarudi pamoja kusimuliana. Siku ya kwanza mnafundishwa ugonjwa unavyofanya kazi na kila mmoja anaandika atakavyokabiliana nao. Siku ya pili na ya tatu mnatoka, dukani, kwenye basi, nyumbani kwako mwenyewe, unafanya kile unachokiogopa saa nyingi mfululizo. Siku ya nne mnapanga wiki zijazo. Ndugu na jamaa wanaalikwa wasikilize ili wasije wakakuendekeza nyumbani.

Kwa nini nasema haya kwenye uzi wa Waswahili? Kwa sababu mie tatizo langu lilikuwa waswasi wa udhu. Wanaojua watanielewa. Unatia udhu, unashuku, unarudia. Unanuia, unashuku nia, unarudia. Alfajiri inakupita ungali msalani na maji yanamwagika. Mama yangu alikuwa anagonga mlango, "Mwanangu, maji ya watu hayo!" Shekhe wetu aliniambia miaka mingi nyuma, usiyajali mawazo hayo, tia udhu mara moja ukaswali. Alikuwa ana haki kabisa, hata vitabu vya fiqhi ndivyo visemavyo. Tatizo ni kuwa kuambiwa hakunipa uwezo wa kufanya.

Siku ya pili tabibu wangu, mwanamke wa Kinorwe asojua hata neno udhu, alisimama nje ya mlango wa msala. Kazi ilikuwa moja: tia udhu mara moja, funga bomba, toka, na ile shaka usiipigie hesabu, iache ipige kelele. Wanachosisitiza ni kuwa pale hofu inapokuvuta kurudi, hapo hapo ndo uisogelee zaidi. Nilitoka nikasimama kwenye mkeka wa kuswalia natetemeka mwili mzima. Chakula cha mchana nikawakuta wenzangu. Mmoja alikuwa ameshika kitasa cha choo cha umma asubuhi yote, mwingine alitoka nyumbani bila kurudi kukagua jiko. Tukaangaliana tukacheka kama wehu. Peke yangu ningekimbia, mbele ya wale niliona aibu kukimbia.

Kwenye utafiti wao wa kuwafuatilia watu kwa miaka minne, takriban watu 7 kati ya 10 walikuwa bado wapo salama. Mie bado shaka inakuja, hasa Ramadhani. Inakuja, inapita.

---

Sharifu_Mkunazini

Waalaikum salaam kaka. Umenigusa mahali. Je, hukuona kama unapuuza dini kwa kufuata maagizo ya asiyekuwa Muislamu katika ibada?

---

KashataBaridini

Nilimpigia shekhe simu kabla sijaanza, nikamweleza zoezi lenyewe. Akacheka, akasema, "Huyo mwanamke kakwambia nilokwambia mie, tofauti yeye kakusimamia mlangoni." Sikuhitaji fatwa nyingine.

---

Hesabu_Kali

Nimesoma kwa makini, sasa niharibu sherehe kidogo.

Mleta mada ametupa asilimia 86 kushuka hadi 6.5. Hakutupa upande wa pili. Nimeutafuta: vijiji visivyopata tiba vilianza na asilimia 94 vikaishia 54.7. Yaani karibu watu wanne kati ya kumi walitoka kwenye sonona bila kundi lolote. Halafu kuna tatizo la "mgeni akiuliza chakula kitamu?" Ukimuuliza mtu hali yako baada ya kumhudumia wiki 16 atakwambia nzuri, hasa akidhani nyuma yako kuna mradi utaleta mabati.

Tatu, nafuu inadumu? Kuna kozi ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walio Rhino Camp huko Uganda, makundi ya hadi watu thelathini wakisikiliza sauti iliyorekodiwa. Ilichapishwa 2020. Baada tu ya kozi nafuu ilikuwa kubwa, miezi mitatu baadaye ipo lakini imepungua sana. Ufupi una bei yake.

---

MamaKitongoji

> Hesabu_Kali alisema: karibu watu wanne kati ya kumi walitoka kwenye sonona bila kundi lolote.

Umefanya vizuri kuiweka. Sonona ina tabia ya kupanda na kushuka, wengine hutoka wenyewe, na ndiyo maana lazima kuwe na upande wa kulinganisha. Lakini tofauti ya 6.5 na 54.7 bado ni watu wengi sana waliolala kitandani wakati wenzao wameshaamka. Na walipofuatiliwa miezi sita baada ya tiba kwisha, tofauti ilikuwa bado ipo. Baadhi ya makundi yaliendelea kukutana yenyewe bila kiongozi.

Kuhusu mabati, nakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Dawa yake ni kusema tangu siku ya kwanza, mbele ya mwenyekiti wa mtaa: hapa hakuna mkopo, hakuna unga, hakuna chandarua. Wapo wanaoondoka siku hiyo hiyo. Halafu sitegemei alama peke yake. Naangalia vitu ambavyo mtu hawezi kunidanganya: meza yake ya vitumbua imerudi barabarani? Mtoto anakwenda shule na sare safi? Wale watafiti wa Uganda nao walipima hivyo, waliwauliza wenyeji kazi gani za kila siku mtu mzima anatakiwa azimudu, wakapima hizo pia.

Kwenye kudumu, hapo nakupa pointi. Ndiyo maana kikao cha mwisho si cha kuagana na soda. Kila mtu anataja dalili zake mwenyewe za kurudi chini, kwa mmoja ni kuacha kusuka nywele, kwa mwingine ni kuanza kukwepa simu za dada yake, na anataja mbele ya wenzake atamwendea nani zikianza.

---

Mpitaji_tu

Nimesoma mpaka hapa. Mimi sina kundi na sina mtu. Nipo mjini nimepanga, kazi iliisha, nyumbani wanajua bado nafanya kazi. Silali. Yale maswali tisa nimejijibu nimepata 21. Lile la tisa nimejaza 2. Sijui kwa nini naandika.

---

TabibuWaZamu

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuandika. 21 ni sonona kali, ni ugonjwa na unatibika. Nakuuliza wazi: leo una mpango wa kujidhuru? Una kitu cha kufanyia hapo ulipo? Kama jibu ni ndiyo, toka chumbani sasa hivi, mgongee jirani au mwenye nyumba, huna haja ya kumweleza yote, mwambie "naumwa, nisindikize hospitali." Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na usiku dharura wanapokea. Kama upo Kenya piga 1199, ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Nipo macho, nipo zamu.

---

MamaKitongoji

Mwanangu, na mimi nimekuandikia faragha. Niambie mkoa tu, sitaki jina. Wakuu, naombeni kwa sasa tusiuendeshe uzi hadi ajibu.

---

NgoshaMkavu

Mpitaji, jibu PM zao. Kama upo Mwanza sema, nina bodaboda nakuja na wewe mpaka hospitali sasa hivi. Sitanii.

---

Mpitaji_tu

Nimejibu. Nipo na jirani. Tunatoka.

---

TabibuWaZamu

Taarifa fupi kwa ruhusa yake: amefika, ameonwa, amelazwa kwa uangalizi. Mengine ni yake. Uzi uendelee.

---

Binti_wa_Ujiji

Alhamdulillah. Nilikuwa nashindwa kulala.

Mama, mimi ni mwalimu wa msingi Kigoma. Nikitaka kuanzisha huku naanzia wapi?

---

MamaKitongoji

Mwalimu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Lakini usianze na mwongozo, anza na mtu. Mtafute mratibu wa afya ya akili wa wilaya yako, muulize kama atakubali kukusimamia, hata kwa simu mara moja kwa wiki. Akikataa usianze. Bila msimamizi utabeba mambo ya watu wanane kichwani na wewe utakuwa wa tisa.

Ukimpata, kaa kwanza kwenye kundi la mwingine kama msaidizi mpaka liishe. Kisha kundi lako la kwanza chukua watu wenye alama za kati, 10 hadi 19, wale wa 20 kwenda juu wapeleke hospitali kwanza. Wanafunzi wako na wazazi wa darasa lako usiwachukue kabisa, mwalimu wa mtoto wangu siwezi kumwambia nalala njaa. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, na kisiwe ofisi ya kata.

---

Binti_wa_Ujiji

Mratibu nimeshamjua ni nani, ofisi yake ipo karibu na soko. Jumatatu naenda. Swali la mwisho: mtu akikosa vikao viwili mfululizo namfuata nyumbani au namwacha?

---

MamaKitongoji

Mfuate baada ya kikao kimoja, usingoje viwili. Lakini usiende wewe, mtume mwenzake wa kundi ambaye kwa kawaida hupita nyumba hiyo, na asizungumzie kikao mbele ya watu. Aombe chumvi.

---

Kiranja_Mstaafu

Mwalimu ukianza utuletee mrejesho kwenye uzi huu huu, usifungue mpya, tutapotea.